Nilijaza "Hakuna Shida" Fomu Zote, Sasa Shemeji Anafukuzwa kwa Kulala

Dada Priscilla, naomba unisaidie, na kama ni kunitusi nitusi kwanza halafu unisaidie, maana mimi mwenyewe nimejitusi wiki mbili na haijasaidia kitu.

Mimi ni dereva wa basi hapa Riyadh, nakaa Al-Shumaisi, miaka kumi na minne kwa kafili huyo huyo, mwajiri aliyenileta huku, nina miaka arobaini na tisa. Mwaka jana ofisi ya serikali inayosimamia usafiri ilileta utafiti kwa kampuni yetu, wanataka kujaribu kamera ya kuangalia macho ya dereva, inakaa hapo mbele ya usukani, ukisinzia inapiga kengele na kutuma ripoti, na wakiona inafanya kazi vizuri itawekwa kwa mabasi mengi hadi Jeddah. Madereva kumi na mmoja tukachaguliwa kuijaribu wiki sita, na kwa sababu mimi nasoma Kiingereza na Kiarabu kidogo nikafanywa kiongozi wa fomu, kila dereva kila siku aandike yale ameona.

Dada, hiyo kamera ilikuwa takataka. Jua la saa kumi likikupiga usoni ukunje macho, inalia. Ukicheka, inalia. Ukipiga chafya, inalia. Tukaipa jina Madam, kwa sababu inakuangalia siku nzima na hairidhiki, na kwa grupu yetu ya WhatsApp zilikuwa ni voisi tu, "Leo Madam ameniamsha mara tisa na sijalala," mwingine anamjibu, "Ongea naye pole pole, pengine hajakunywa gahwa, kahawa yake ya asubuhi." Tulicheka sana. Na mimi nikicheka nao hivyo, Alhamisi naketi kwa basi na kalamu najaza fomu zote za wiki nzima, zao na zangu, naweka alama tu: kengele imelia bila sababu? Hapana. Hapana. Hapana mpaka chini.

Fomu madereva wenzangu walinipa wenyewe zikiwa tupu, walisema, "Jaza tu Baba Kevin, wewe unajua hao watu wanataka nini." Na unajua vile tumezoea huku, mtu akija na karatasi akuulize chochote, chakula, chumba, kazi, unasema mafi mushkila, hakuna shida, kwa sababu yule wa kwanza kusema kuna shida, yeye ndiye anakuwa shida. Lakini sitajificha hapo. Yule injinia wa utafiti, Msaudi anaitwa Turki, alikuja kwangu mara tatu. Alinishika bega akaniambia, "Abu Kevin, hizi fomu zote ni nzuri, na mimi sitaki nzuri. Nataka makosa, ndiyo kazi yangu." Nikamwambia mafi mushkila, muhandis, kamera tamam, iko sawa kabisa. Akaniangalia, akaenda. Kwa sababu supavaiza wetu alikuwa ameniambia ripoti ikitoka safi kampuni itapewa kazi ya Jeddah na mimi nitaacha usukani niwe msimamizi. Na nikapewa. Saa hii nakaa kwa ofisi yenye AC, cheti cha utafiti kiko ukutani na muhuri wake.

Sasa kamera ziko Jeddah. Na huko Jeddah kuna Onesmus, mume wa dadangu Metrine, ambaye ni mimi nilimtafutia hiyo kazi, anakaa Al-Hindawiyah, anabeba wafanyakazi wa uwanja wa ndege. Macho ya Onesmus ni madogo tangu azaliwe, akicheka hayaonekani. Kamera imeandika amelala kwa usukani mara kumi na tisa kwa wiki mbili, zote saa kumi, saa kumi na moja, jua likiwa usoni. Wamemsimamisha. Jumapili anaitwa ofisini, na barua ya kumrudisha nyumbani iko tayari, imeandikwa alihatarisha abiria, kwa hivyo hata akirudi huku hakuna mtu atampa basi tena.

Alinipigia analia kwa hasira. "Shemeji, naapa sikulala. Hiyo kitu ni mwongo! Si ni nyinyi mliijaribu? Waambie!" Na mimi Dada, kwa mdomo huu wangu, nikamwambia, "Mashine haina sababu ya kukusingizia. Pengine ulisinzia na hujui." Akasema, "Sawa, shemeji." Hajanipigia tena.

Nimekasirika sana. Namkasirikia supavaiza, naikasirikia kamera, namkasirikia huyo Turki kwa nini hakupanda basi ajionee, na nikiwamaliza wote nabaki mimi. Mke wangu Rispah anafanya kazi kwa nyumba ya watu Al-Suwaidi, tunaonana Ijumaa tu, nilipomwambia akasema, "Nyamaza kabisa. Afadhali arudi mmoja kuliko mrudi wawili." Zile voisi za grupu bado ninazo. Nifanye nini?

Baba Kevin, Al-Shumaisi

Baba Kevin,

Matusi utayapata, lakini usidhani ukishatukanwa umelipa.

Wewe huniulizi ufanye nini, hiyo unajua. Unaniuliza kama kuna njia ya kusema ukweli na bado ukae kwa hiyo AC. Pengine haipo. Tuanzie hapo.

Uoga wako naujua. Mimi mwenyewe nilifanya kazi za nyumba Jeddah miaka sita, na hiyo mafi mushkila nimeisema nikiwa na homa na bado napiga pasi nguo zao. Singekulaumu kwa kumwogopa bosi. Lakini huyu aliyekuja kwako alikuwa anatafuta shida! Miaka kumi na minne huku, mara ngapi umeona mtu mwenye cheo akiomba dereva amweleze makosa? Akaja mara tatu, ukamfukuza mara tatu, halafu unamlaumu ati hakupanda basi. Wewe ndiye ulikuwa macho yake ndani ya basi, ndiyo maana walikuchagua.

Na usinidanganye kwamba hii ni shida ya shemeji tu. Madereva wote wa hizo kamera wanajifunza kupuuza kengele. Kuna mmoja atasinzia kweli, ikilia atasema ni Madam tu, na nyuma yake kuna watu arobaini.

Rispah anaogopa, na ana haki ya kuogopa, lakini fomu hakujaza yeye. Mwambie kabla hujafanya lolote, umwambie kama mtu aliyeshaamua.

Halafu hivi. Voisi zihifadhi nje ya simu yako, leo. Wenzako kumi waambie unataka kuzitumia, na asiyetaka, yake itoe. Mwandikie Turki mwenyewe, ukurasa mmoja, tarehe hii mpaka tarehe hii, fomu nilijaza mimi kwa mkono wangu na si kweli. Usiandike "tulikosea." Mwombe kabla ya Jumapili aketi karibu na Onesmus saa kumi, jua likiwa usoni, aangalie macho ya mtu na aangalie kamera. Atakukasirikia sana, lakini ni mtu aliyetaka makosa, mpe. Supavaiza apate habari baada ya barua kwenda, maana akipata kabla atakuomba simu yako azifute hizo voisi. Wakikuletea karatasi ya Kiarabu usiyoielewa, usitie sahihi, pigia watu wa leba, wale wa mambo ya wafanyakazi, pale ubalozini. Ukipoteza ofisi, usukani unaujua.

Lakini hayo yote yanakuja nyuma ya Onesmus, na si kwa simu. Barua yako nimeirukisha mbele ya nyingine ili uisome leo Alhamisi. Kuna basi la jioni la kwenda Jeddah, panda, asubuhi uko Al-Hindawiyah. Atakutukana kuliko mimi, na usimkatize. Akifungua mlango usianze na habari za safari, wala za watoto, wala za Metrine. Mwambie ukiwa bado umesimama nje: "Hukulala. Na nilijua hukulala."