Ukurasa Mmoja Uliobaki kwenye Daftari la Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Jumatano ulipoinamia kiatu cha mteja na usiinuke tena. Nyundo ilikuwa mkononi, misumari mitatu midomoni. Aliyekukuta ni mwenye kiatu, na mpaka leo anasema alidhani unasali. Huenda hakukosea.

Tunakukumbuka kwa mambo madogo. Ulivyojaza misumari mdomoni kila mtu alipotaka kukuvuta kwenye umbea, ukawa huna pa kutolea jibu. Ulivyowajua watu kwa soli zao kabla ya nyuso: "Huyu anaegemea kushoto. Kuna kinachomlemea nyumbani." Ulivyokuja mezani na vidole vyeusi vya rangi ya viatu, rangi isiyotoka kwa sabuni yoyote, Mama akakununia kwa sababu ya vitambaa vyake vyeupe. Vitambaa vile bado vipo na alama zako zote. Sasa Mama hataki mtu avifue.

Tunakukumbuka ukienda ibadani na viatu vilivyochoka kuliko vya waumini wote. Ulisema vyako utavitengeneza ukimaliza vya watu, na vya watu havikuisha.

Lakini leo hatukuandikii kukusifu tu. Tuna kesi. Wanao tumekaa tukakubaliana uambiwe yote yaliyotokea tangu uondoke, hasa ya dada yetu mkubwa, maana yeye ndiye uliyemwacha na swali, na yeye ndiye aliyetusumbua mwaka mzima.

Unamjua. Jina la Mkaguzi ulimpa mwenyewe, alipokuwa na miaka mitano, siku alipofunua sufuria kwanza kuona kama kuna nyama ndipo afumbe macho ya kuombea chakula. "Siwezi kushukuru kitu sijakiona," alisema, ukacheka mpaka ukapaliwa. Alipokua akapata kazi ya kukagua mifuko ya wafanyakazi kwenye geti la kiwanda, nani alishangaa? Hata nyumbani anakagua. Ukimletea zawadi anaigeuza juu chini. Ukimwambia amependeza, anauliza unataka nini.

Na wewe, Baba, siku ile ulikosea. Hatukupaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Mumewe alipofungasha akaondoka, Mkaguzi aliwaambia watu wawili tu duniani, Mama na wewe. Jumapili iliyofuata ukasimama mbele ya kanisa zima ukamwombea kwa machozi, ukamtaja yeye, ukamtaja mume, ukataja mpaka sanduku alilobeba. Watu wakageuka benchi baada ya benchi. Mkaguzi akatoka na mtoto mgongoni. Mlipofika nyumbani akakwambia sote tukisikia: "Baba, kuanzia leo usiniombee. Si kanisani, si chumbani, si kimoyomoyo. Mpaka nikuruhusu mwenyewe."

Ukasema, "Nimekukosea, mwanangu. Sitakuombea mpaka uniruhusu."

Thubutu! Nani aliamini? Mkaguzi hakuamini hata siku moja kwa miaka kumi na miwili. Alipopandishwa cheo alikuja mbio kibandani kwako, si kufurahi bali kuhoji.

"Baba, umeniombea?"

"Sijakuombea."

"Kweli?"

"Niliahidi."

Homa ikimwacha mapema, anakuja kuhoji. Mvua ikikatika siku anayofua, anakuja kuhoji. Mezani ulipofumba macho, yeye alifumbua yake akaiangalia midomo yako. "Mzee ananidanganya," alikuwa akituambia. "Mtu aliyezoea kuomba haachi hivihivi. Ananiombea huyo." Na kanisani hakurudi. Binti yake akakua akilijua kanisa kwa kusikia kengele.

Siku ya tatu baada ya kukuzika, Mkaguzi ndiye aliyefungua sanduku lako la vifaa. Chini ya vipande vya ngozi akakuta daftari nene la jalada gumu. Karibu kurasa zote zilikuwa zimekatwa kwa kisu cha ngozi, kwa unadhifu wako uleule, vikabaki vipande vyembamba kwenye mshono, na kila kipande kimeandikwa mtu. Dereva wa Lori. Mwalimu wa Hesabu. Mama Mwenye Haraka. Muuguzi. Muuguzi tena. Alihesabu: Muuguzi mara kumi na moja.

"Ahaa," Mkaguzi akasema. "Barua."

Utusamehe, Baba, lakini hata sisi tulitazamana. Yule muuguzi ni mjane, ana mwendo wake, na viatu vyake vyeupe vilikuwa havikauki kwenye benchi lako. Kwa ajili ya Mama, Mkaguzi alifunga mdomo. Moyoni alikuwa ameshakuhukumu.

Kulikuwa na jingine lililomkaa kooni, ambalo hakutuambia mpaka baadaye sana. Ukurasa wa mwisho haukukatwa. Juu yake uliandika Mkaguzi, kwa herufi kubwa, na chini ya jina hukuandika kitu. Wote wameandikiwa, mpaka dereva wa lori, na yeye binti yako wa kwanza umemwachia karatasi tupu. Aliamini ulimwandika ili umwambie neno, ukafikiri, ukaona huna la kumwambia. Akalitia daftari mkobani akawa anatembea nalo, amenuna, na ukimuuliza ana nini anakwambia hana kitu.

Mwezi wa nne ukafika. Kwenye kigoda chako sasa anakaa kitinda mimba wako, na mikono yake ni yako kabisa, ila hana subira. Mchana mmoja kibanda kimejaa watu, muuguzi akaja na kiatu kilichofumuka soli ya ndani. Mkono wa pili ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne, ameishika kwa ncha za vidole, mbali na mwili.

"Hii imetoka ndani ya kiatu changu," akasema. "Nimechungulia mstari mmoja tu, unamtaja marehemu mume wangu. Mzee wenu alinifanyia nini?"

Mama mmoja akapiga kofi paja lake. "Ndiyo maana! Kila nikisema leo naenda kwa fundi mwingine, miguu inanileta hapahapa!"

Ee Mungu wangu! Hapo watu wakaanza kuvua viatu. Mmoja anasema ni dawa ya kuvuta wateja, mwingine anasema hirizi, wa tatu anakumbuka alivyoteguka kifundo cha mguu mwaka juzi. Jina lako jema la miaka arobaini lilikuwa linazikwa mara ya pili, Baba, na kitinda mimba amesimama tu na nyundo mkononi.

Bahati Mkaguzi alikuwa amemletea mdogo wake chakula. "Nipisheni," akasema. "Hii ndiyo kazi yangu." Akaichukua karatasi, akaigeuza mbele na nyuma, akainusa. Akatoa daftari mkobani, akaupachika ukingo wa karatasi kwenye kipande cha kumi na moja cha Muuguzi. Vikakutana sawasawa. Ikawa ni yako, hakuna ubishi. Akasoma kwa sauti, na tunakwambia ukweli, alisoma kama anayesoma mashtaka:

"Bwana, huyu anasimama juu ya miguu hii kwa ajili ya wagonjwa wa watu. Mume wake alikufa yeye akiwa kazini, hakumuaga. Mimi najua kushona kiatu tu. Yaliyobaki yashike wewe. Asichoke kupenda. Amina."

Muuguzi akakaa kwenye kreti la soda. "Nilimwambia mara moja tu," akasema. "Mara moja, tukingoja gundi ikauke." Alilia bila kujificha, kisha akamnyooshea kitinda mimba kiatu. "Irudishe ilipokuwa. Halafu ushone vizuri."

Yule mama aliyepiga kelele ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza yake iko wapi. Ilikuwepo. Juma zima watu wakaleta viatu vizima vifumuliwe. Ndani ya buti la dereva wa lori zilitoka sala nne, moja juu ya nyingine, ya chini imeshasagika. Mchungaji naye akaja, naye ameshuku kama wengine, akitaka kujua kwa nini sala zikanyagwe.

Mama ndiye aliyemjibu. "Mume wangu alimwombea mtu kwa sauti, akamuumiza," akasema. "Tangu siku hiyo akatafuta mahali ambapo sala haitamwaibisha mtu. Kila asubuhi alikaa na viatu vya siku hiyo, akawaombea wenyewe mmoja mmoja, na aliyemlemea zaidi akamwandikia. Chai haigusi mpaka amalize. Miaka kumi na miwili nimempashia chai mume wangu mara mbilimbili."

"Mama, mbona hukutuambia?" tukamuuliza.

"Aliniomba nisiseme. Mimi si redio."

Kabla hajaondoka, mchungaji alivua kiatu chake cha kulia akaomba kisu.

Jumamosi ile Mkaguzi alijifungia chumbani na viatu vyake vyote, jozi sita, zote zimepita mikononi mwako. Akazifumua moja moja. Hakuna kitu. Akatafuta mpaka viatu vyake vya shule ambavyo Mama aliviweka kabatini. Hakuna kitu. Akaja jikoni kwa Mama amekumbatia viatu vilivyofumuka, analia kwa hasira.

"Hata dereva wa lori, Mama! Mtu anayetukana watoto barabarani, sala nne! Na mimi hakuna hata moja. Baba alinifuta."

"Ulimkataza," Mama akasema.

"Nilimkataza kwa mdomo tu! Nilijua ataniombea kwa siri. Nilikuwa na hakika, Mama. Ndiyo maana niliweza kukaa nje miaka yote ile."

Ndivyo ilivyokuwa, Baba. Yule aliyekuhoji kila mara umeniombea, umeniombea, alikuwa anategemea umwambie hapana na iwe ndiyo. Na wewe ulimwambia hapana, nayo ilikuwa hapana.

Alipotulia kidogo, ndipo akautoa ule ukurasa wake, akatuonyesha. "Tazameni," akasema. "Hata aliponiandika jina, hakuwa na la kusema."

Mama akafuta mikono, akalichukua daftari mpaka dirishani penye mwanga. "Wewe si mkaguzi? Kagua."

"Ni tupu."

"Nimesema kagua. Tazama pembeni."

Pembeni ukurasa ulikuwa mweusi. Vilikuwa vidole vyako, Baba. Gumba la kushoto upande huu, gumba la kulia upande ule, rangi ya viatu juu ya rangi ya viatu, mpaka karatasi imelainika kama kitambaa cha zamani. Kurasa za wengine uliandika mara moja ukakata. Huu ulikuwa umeshikwa siku hadi siku.

"Alipomaliza za watu wote alifungua wako," Mama akasema. "Anaushika hivi, kwa mikono miwili. Hasemi kitu. Midomo haitikisiki. Nikamwambia, mume wangu, andika tu, atajuaje? Akaniambia, 'Nimemwibia siri yake mara moja. Sitamwibia na ruhusa yake.' Anakaa nao, anaufunga, ndipo anauliza chai iko wapi. Siku nyingine namwona macho yamelowa."

Mkaguzi aliweka magumba yake juu ya yale yako, akakaa hivyo mpaka maharage yakaungua jikoni na hakuna aliyegombwa.

Tumejifunza jambo, Baba. Tulizoea kudhani sadaka ni kile mtu anachotoa. Wewe kumwombea mtu ndiyo ilikuwa pumzi yako, na ukaizuia kwa ajili ya huyu mmoja uliyempenda kuliko hao wote wa daftarini, kwa sababu ulimwahidi.

Mwezi uliopita mjukuu wako, yule aliyetolewa kanisani mgongoni, alipata shule ya bweni. Viatu vyeusi, vipya. Mkaguzi aliketi kwenye kigoda chako, akatoa soli ya ndani kwa mkono wake, kisha akamwita.

"Mwanangu, naomba ruhusa nikuombee."

Mtoto akamtazama juu mpaka chini. "Kwani nimefanya nini?"

Tulicheka, Baba, Mama akashika ukuta. Huyo ni wenu, hana haja ya kupimwa.

"Hujafanya kitu. Nakuomba tu."

"Kwa sauti?"

"Hapana. Chini ya soli."

"Na nikikataa?"

"Nitangoja," Mkaguzi akasema. "Babu yako alijua kungoja."

Mtoto akafikiri. "Haya. Lakini usimwambie Mungu mambo ya hesabu zangu."

Jumapili hii tunapokukumbuka kanisani, Mkaguzi atakuwepo, benchi la nyuma, karibu na mlango. Huenda wakati wa maombi atakaa macho wazi. Hatutamgusa.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anamimina vikombe viwili. Na kitinda mimba wako, ambaye sasa hanywi chai mapema. Na mjukuu wako aliye shuleni. Na sisi wanao wengine. Na wengi wanaotembea juu ya sala zako bila kujua. Maadamu tuna miguu, Baba, hatutakusahau.

Ukurasa wa mwisho hatujaukata. Jana Mkaguzi aliandika mstari mmoja chini ya jina lake, kwa penseli yako ya kuchorea ngozi, kati ya alama za vidole vyako. Ametaka uchapwe hapa kama ulivyo:

"Baba, nakuruhusu. Chai iache ipoe."