Kiti Kitupu cha Rukuba

Mama, shikamoo. Kadi nimeinunua Musoma, ila nakuandikia nikiwa kisiwani Rukuba, na upepo wa ziwa unataka kuninyang'anya.

Tunajifunza kuongoza maigizo ya jamii, na leo ilikuwa zamu yangu ya kwanza. Niliweka kiti kitupu katikati ya wanawake wanaouza samaki mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, nikawaambia kila mmoja amsalimie mtu anayemkumbuka. Mama mmoja, ambaye mumewe alizama na hakupatikana, hakusalimia. Alienda kwake, akarudi na jagi na beseni, akapiga magoti mbele ya kiti na kumimina maji taratibu, kama anamnawisha mtu kabla ya ugali.

"Huyu alikuwaga anachelewa," akatuambia, "lakini anakujaga."

Mwalimu wetu alitufundisha kupongeza kila igizo. Nikapiga makofi, peke yangu. Wenzake walikuwa wameinamisha vichwa, wanamsubiri mumewe amalize kunawa.

Mama, kile kiti cha marehemu baba nilichosema tumpe jirani, kiache pale pale. Ule ushibe, Mungu akutunze. Nikifika nyumbani Manyamanyama, maji ya kunawa nitachota mimi.

Nyamisi wako