Shika Kamba

Nkome, Jumapili, 1934

Bado nacheka, ingawa njaa inaniuma. Leo niliwapeleka mke wangu, watoto na shangazi kisiwani, kutazama tumbili wa msituni. Njiani shangazi akatuonya: msituni nyoka hatajwi, huitwa kamba.

Tulipokwisha kushuka, mwenye mtumbwi akaona mtumbwi wake unaondoka na maji. Akaniita, "Baba Zuhura, kamba! Shika kamba!"

Shangazi alitangulia kukimbia. Nikamfuata, kisha nikampita.

Mwenye mtumbwi aliogelea akaurudisha, lakini mawimbi yalikuwa yameuyumbisha, na wali wetu tuliouacha ndani ulikwisha mwagika ziwani. Tumbili walijaa matawini wakitutazama.

Naogopa kesho sokoni, maana yule bwana hana siri. Shangazi hajali. Anaapa kwamba ile kamba aliiona ikimkodolea macho.