Kifua Ambacho Babu Hakukifanyia Mzaha

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni,
S.L.P. 316.

14 Machi

Mpendwa kaka yangu,

Habari za huko, na za baridi mnayoamka nayo? Kikohozi kimeisha? Unalala vizuri? Safari hii usinijibu "salama tu" kama ilivyo ada yako. Nina sababu ya kuuliza, na utaiona mbele. Sisi tunapumua, tunashukuru. Mama ameanza kula. Shangazi bado yuko hapa. Anasema haondoki mpaka vitabu vyote vya Babu vifutwe vumbi, na wewe unajua vilivyo vingi.

Najua mazishi ya Babu uliyaona nusu nusu kwenye simu. Basi ujue watu walijaa mpaka barabarani. Mama mmoja alikuja na wanawe wanne, watu wazima wenye ndevu, akawapanga kando ya jeneza na kusema, "Daktari, hawa hapa, wote uliwapokea wewe." Fundi baiskeli naye akasimama akakiri hadharani kwamba marehemu alikuwa mwizi: miaka ishirini wamecheza drafti, miaka ishirini anamwibia kete. Tulicheka huku machozi yakitutoka.

Miaka tisini na moja, kaka! Nimekuwa nikiikumbuka vipande vipande. Ile siku alipovaa koti kuukuu na kofia, akajipanga foleni kwenye zahanati yake mwenyewe ili asikie wagonjwa wanamsema nini. Akarudi na neno moja: "Daktari mzuri, ila ana mikono ya maiti." Tangu hapo hakumgusa mgonjwa kabla ya kukikumbatia kikombe cha chai ya moto. Alipostaafu, kazi aliiacha, utundu hakuuacha. Akiwa na themanini na tano alicheza kwenye harusi ya jirani mpaka wapiga muziki wakaomba maji.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Jumapili ya kwanza ya Januari tulikula pamoja sote. Baada ya chakula Babu akatoa kile kipimo chake cha kusikilizia moyo, akasema leo ni ukaguzi wa familia. Akaanza na Mama: "Humu mna redio, inatangaza habari za majirani." Kwa shangazi akasema anasikia mlango unabamizwa. Kwangu: "Kiroboto, tulia, unanirukia sikioni." Vicheko vilijaa chumba.

Ikafika zamu ya Baba. Babu akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, akarudi mbele. "Chuchumaa," akamwambia. "Haya, simama. Usipumue." Sisi bado tulikuwa tunacheka, tukijua mzaha unapikwa. Babu hakucheka. Alimwambia achuchumae tena, asimame tena. Kisha akakunja mipira ya kile kipimo polepole na kusema, "Safi." Neno hilo tu. Chai yake ikapoa mezani.

Wiki ile alimwita Baba chumbani kwake mara tatu, na mara zote tatu Baba alitoka amenuna. Mwisho Babu akaniita mimi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Sauti ile nimewahi kuisikia. Kaka yangu. Nilikuwa mwanafunzi wa udaktari, nimekuja likizo, najaribia kipimo kipya kwenye kifua chake. Nikamwambia, kaka, moyo wako una mvumo, twende kwa mwalimu wangu. Akanicheka, eti daktari wa juzi. Nami nikacheka naye, kwa aibu. Wiki tatu baadaye alikuwa anasaidia kusukuma gari la jirani. Alianguka pale pale. Alikuwa na miaka thelathini na moja."

Akanishika mkono. "Baba yako atakucheka. Akicheka, wewe usicheke."

Siku kumi na tisa baadaye, asubuhi, tulimkuta Babu kitini mbele ya kioo, nusu ya uso imenyolewa, nusu ina povu. Moyo wake mwenyewe ulikuwa umechoka tu, kama alivyokuwa akisema kila mwaka na sisi tukimpuuza.

Siku ya mazishi, Baba, aliyekuwa amebeba jeneza mbele, alimpisha mtu mwingine langoni, akasimama mkono mmoja kwenye nguzo. "Jua," alisema. Hapakuwa na jua. Tangu hapo nikawa namtazama. Ngazi kumi na mbili za kwetu anazipanda kwa vituo viwili. Baiskeli ameiegemeza ukutani, anasema ina pancha. Haina pancha, nimeipima. Na kila asubuhi, kaka, alikuwa anashika usukani wa basi la shule na watoto arobaini nyuma yake, anashuka nao mlima ule wa kiwandani.

Nilipomwambia aliyoyasema Babu, alicheka kweli. "Mzee alikuwa na miaka tisini na moja. Masikio yale yalikuwa yanasikia hata mvua ambayo haijanyesha." Sikucheka. Nikamwambia, "Baba, usipokwenda hospitali, kesho naenda kwa mwalimu mkuu, nitamwambia asikupe ufunguo wa basi." Aliniangalia kama mtu asiyenijua. Siku mbili alikula chakula chake chumbani. Mama akaniambia nimemvunjia baba yangu heshima.

Alhamisi asubuhi Baba alitoka chumbani amevaa suti. "Twende basi," akasema, macho yakiwa kwingine.

Daktari wa moyo ni mama mnene, mcheshi. Aliingia akitutania. Alipoweka kipimo kifuani kwa Baba, utani ukaisha. "Chuchumaa, mzee. Simama." Maneno yale yale ya Babu. Kwenye picha alituonyesha ukuta wa moyo, umenenepa hata damu inapenya kwa shida. Ameanzishiwa dawa, basi ameliacha, Jumatatu tunarudi kwa vipimo vingine. Daktari hajaahidi kitu.

Kisha akamuuliza Baba ana watoto wangapi, kwa sababu ugonjwa huu hurithiwa. Mimi nimepimwa jana. Niko salama.

Kaka, katika barua yako ya Desemba uliandika kwamba ulipata kizunguzungu ukaanguka katikati ya mechi, wenzako wakakumwagia maji, mkacheka sana. Nimeisoma mara nyingi mno. Baba naye ameisoma. Aliikunja, akaingia chumbani kwa Babu, akafunga mlango.

Nimekupigia tangu jana hupatikani, ndiyo maana naandika. Usicheze mechi yoyote. Nenda kapimwe, uwaambie jina la ugonjwa nililoandika kwenye karatasi nyingine humu. Ukishasoma barua hii piga simu, saa yoyote.

Mama anakusalimu, shangazi anakusalimu, fundi baiskeli pia. Baba hakutoa salamu, alisema tu, "Mwambie asikimbie." Mungu akufikishie barua hii mapema.

Mdogo wako akupendaye, aliyekaa karibu na simu,

Kiroboto