Jina Lililoitwa Jioni

Kilimani kwetu, Masisi
Jumapili, 11 Aprili 1948

Mpendwa kaka Sebahire,

Amani ya Bwana ikukute salama huko msituni Walikale. Mgongo wako unaendeleaje? Hubert, anayetuletea habari zako, ametuambia kwamba unakuuma tangu mvua ilipobomoa barabara ya Hombo mkarudishwa kwenye majembe. Na wifi yangu Victorine, je, amepona kile kikohozi? Na mtoto wenu Epiphanie, ameota meno? Sisi hapa tunasimama kwa miguu yetu, isipokuwa mmoja, naye ndiye sababu ya barua hii. Mwandiko ni uleule niliofundishwa na masista, usinicheke.

Huku mlima wa moto umefunguka upande wa ziwa. Kila jioni mbingu ya upande ule inakuwa nyekundu, na majivu yanaanguka juu ya maharagwe yetu. Tunaosha majani ya sombe mara mbili, na bado mchanga unalia kwenye meno. Ng'ombe wanakohoa. Watu nao wamepunguza maneno. Ukikutana nao njiani, wanatazama kwanza mlima, kisha wananitazama mimi.

Wananitazama kwa ajili ya mtoto. Unakumbuka alivyozaliwa. Watatu waliomtangulia tuliwazika katika miaka ile ya vita na njaa, hakuna aliyefika kutambaa. Huyu alipokuja sikuthubutu hata kumwangalia usoni. Jirani yetu Mama Mukandori alimtia kikapuni, akamlaza jalalani juu ya majivu ya jikoni, na wewe ukasimama kwenye ua ukauliza kwa sauti kubwa, "Hii takataka iko ya nani?" Mimi na mume wangu Evode tukanyamaza, kama ilivyotupasa. Mukandori akajibu, "Haiko na mwenyewe. Mimi njo nitaiokota." Hivyo kifo kikadanganywa, mtoto akaitwa Takataka, na akawa wa Mukandori. Mimi nilimnyonyesha kama mtu anayelea cha mwenzake. Sikulaumu, kaka. Siku ile nilikushukuru.

Lakini hofu ni mgeni asiyeaga. Tangu siku ile nilimpenda mwanangu kwa siri na kumkemea mbele ya watu. Kanisani nilikaa nyuma, sikuikaribia tena meza ya Bwana, na nikisali nilinong'ona, kama mtu anayeogopa kumwamsha mbwa mkali. Kisha siku moja nikamsikia anacheza peke yake kando ya jiko. Alikuwa amelifunga gunzi la hindi katika kitambaa, analibembeleza: "Lala, takataka yangu, lala." Alikuwa analisemesha kwa upendo wote alionao, na neno la upendo alilolijua ni hilo. Niliketi chini nikalia mpaka sufuria ikaungua.

Kesho yake nilishuka misioni. Padri hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Wewe ulipobatizwa, Mungu alikuokota, au alikuita?" Nilipanda kilima kizima nikiwa na swali hilo. Kwaresima yote nilifanya toba yangu, na Evode, aliyekataa mwanzoni mtoto abatizwe, akaja kukubali bila kusema kwa nini. Siku ya Pasaka mtoto alibatizwa Théophile. Padri alisema maana yake ni mpenzi wa Mungu. Nilipokea ekaristi kwa mara ya kwanza tangu nimzike yule wa tatu, nikarudi nyumbani shingo nyepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Sijui nikuelezee vipi furaha ile. Nilimwita jina lake njia nzima, naye akanicheka, maana hakujua ni nani ninayemwita.

Juma lilelile majivu yakazidi, na mtoto akashikwa na homa.

Unajua vilima vyetu vinavyosema. Wanasema kifo kilikuwa kimepita, nami nikakiita kirudi, tena kwa jina la kanisani linalosikika mbali. Hakuna anayekuja tena kuomba moto kwetu. Asubuhi nawaona wanawake na vigae vyao wakipita mlangoni pangu kwenda kwa jirani wa mbali, hali moshi wangu wanauona. Hilo linaniuma kuliko maneno.

Gome la mti ulilompa Hubert limefika, pamoja na ujumbe wako kwamba mtoto avalishwe shingoni na arudishwe kwenye jina la zamani. Najua ulilitafuta kwa upendo, na msitu wa Mpofi si wa kuingia ovyo. Nakurudishia, kaka. Usikasirike. Mtoto anaweza kufa. Nimezika watatu, sihitaji kufundishwa hilo. Lakini kama ni kufa, atakufa akiwa na jina lake na mama yake. Hatakufa takataka.

Nitakuambia na lililonitisha zaidi. Tangu homa imshike mpaka jana, hakuitika jina hili hata mara moja. Ukimwita Théophile, macho yanabaki kwenye paa. Evode akizidiwa na woga humnong'oneza lile la zamani ili anywe maji, na hapo hugeuza kichwa. Mukandori husema jina la kwanza ndilo lenye mtoto, nami nikaanza kujiuliza kama si kweli.

Jana jioni alikuja, na kikapu kilekile. Hakuketi. Alisema, "Verdiane, mutoto iko wangu. Mimi njo nilimuokota. Unipatie yeye nimurudishe pale kwenye majivu, tuanze upya. Kifo ilisikia ile jina." Usidhani ana roho mbaya. Machozi yalikuwa yanamtoka. Evode alikitazama kikapu, kisha akanitazama, na nikaona kwamba nikinyamaza tu, atamtoa.

Sisi tulikatazwa kumwita mtoto kwa jina saa ile ya jioni, maana kifo ndicho kinachoitika. Na mbingu ilikuwa nyekundu tayari. Nilifungua mlango wote, nikasimama uani nikiuelekea mlima, nikaita Théophile kwa sauti ya mtu anayeita mtoto wake aje kula. Nikaita tena. Nilimsikia Mukandori nyuma yangu akisema polepole, "Basi." Nikaita mara nyingine.

Ndani sauti nyembamba ikajibu, "Karame."

Karame, kaka, kama marehemu mama alivyotufundisha tumjibu mkubwa akituita: uishi siku nyingi. Yeye aliyelala na homa ndiye aliyeniombea mimi uhai.

Mukandori aliokota kikapu chake kitupu akaondoka bila kuaga. Homa bado ipo, ingawa asubuhi hii amekunywa uji kidogo. Mlima bado unawaka. Moto hakuna aliyekuja kuomba. Lakini mimi nimelala usingizi, na hofu sikuikuta nilipoamka.

Msalimie sana Victorine, umbusu Epiphanie, na umwambie ana binamu. Evode anakusalimu. Anasema ukija umletee jembe la huko, ya huku yanavunjika.

Nina ombi moja tu. Mvua zikipungua, njoo. Usiingie moja kwa moja nyumbani. Simama kwenye ua, mahali palepale uliposimama siku ile ukauliza takataka ni ya nani, na umwite kwa jina lake, majirani wasikie. Kama atakuwa hai, atakuitikia. Na kama hatakuwa hai, umwite vilevile, nami nitakuitikia kwa niaba yake.

Mungu aliyetuita akulinde katika barabara ile.

Ni mimi dada yako, akupendaye leo kama jana,
Verdiane, mama Théophile