Mashua Haikuzidiwa Mzigo

Kaka Royce,

Uniwie radhi, barua yako ya Machi naijibu Oktoba. Natumai kiwanda cha huko Ohio hakijakumaliza mgongo. Sisi wazima, mtoto mdogo anaota meno, kwa hiyo usingizi nausikia kwa majirani tu. Baba bado anateremka gatini kila asubuhi kuwafokea vijana wanaopakia mitego ya kambakochi.

Hattie wangu yuko darasa la nne, na mwalimu wao anawafundisha kwa nini vitu huelea. Sinki langu halina tena nafasi ya vyombo. Chungwa lenye ganda lilielea, lililomenywa likazama. Donge la udongo lilizama. Akalifinyanga bakuli, likaelea. Akanieleza kwamba bakuli linasukuma maji mengi zaidi pembeni, na ndiyo maana maji yanalibeba. Nikamwambia, "Haya mwalimu, nawa mikono ule."

Jumamosi akafinyanga mashua ya Baba, akapakia mawe kumi na mawili, hesabu ya mitego yako siku ile mashua ilipozama. Ikaelea. Akaongeza manne, bado. Baba alikuwa mezani. Hattie akamuuliza, "Babu, mbona huwa unasema mjomba Royce ni kichwa maji, aliijaza kupita kiasi?" Baba akamwambia amalize maziwa yake. Ndipo Hattie akaitia ufa kwa kisu. Maji yakaingia taratibu, ikaenda chini. Nikatoka nje.

Kaka, ule ufa ni wangu. Mashua ilikaa nchi kavu majira yote ya baridi, mbao zikasinyaa, zikaacha nyufa. Baba alinipa mimi kazi ya kuijaza maji siku tatu ili zivimbe zibane. Mimi nikaenda kwa Dwight, hata hatujaoana bado. Niliporudi nikaimwagia ndoo mbili, nikasema tayari. Wewe ikakuzamia, ukaogelea kwenye maji ya baridi ya Mei, midomo imegeuka buluu, Baba akakutukana mbele ya gati zima. Nilikushikia taulo, nikanyamaza. Miaka kumi na mmoja nimenyamaza.

Jana nilimwambia Baba. Hakufoka. Akasema, "Na mimi sikumuuliza kijana hata swali moja."

Dwight na watoto wanakusalimu sana. Usinisamehe haraka kwa kunionea huruma, nitangoja. Ukipata nafasi nitumie viatu vya theluji vya Hattie, namba tatu. Mizani ndogo ya ndoano, anataka kupima jiwe likiwa majini. Na kipimo cha kifua chako. Baba anataka kukuagizia koti la mpira la baharini, na hataki kukisia.

Mdogo wako,
Lorna