Ngoma ya Mzee Nestori

Makanyagio, Mpanda

Kaka yangu Révérien,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo wewe, hajambo wifi, hawajambo watoto? Na hapo Karema mnaendeleaje, boti zinatoka au ziwa limechafuka? Sisi huku tupo. Mvua imegoma kidogo lakini mahindi ya Katumba yamesimama, na shangazi Odeta bado ana ulimi uleule unaoujua.

Najua utashangaa Spès ameanza lini kuandika barua na simu anayo. Kaka, ukipiga simu tu baba anataka iwekwe lauspika, asikie hata kikohozi chako. Kwa hiyo karatasi hii nimempa Celestin, konda wa basi la huko, na nimemwambia akiipoteza asinisalimie tena.

Kwanza nikupe habari za kazi. Bado napiga gitaa, halafu nalipitisha kwenye laptop, nalikata, nalivuta, nalichanganya na milio ambayo shangazi anasema ni mashine ya kusaga iliyolewa. Watu wanazipenda nyimbo zangu, hata harusini zinapigwa. Balaa lilianza nilipotaka kuweka ngoma. Nilitengeneza mlio wa ngoma yetu ile tuliyokuja nayo kutoka Burundi, ambayo mwanamke haruhusiwi kuipiga, nikawa naupiga kwa kubonyeza vitufe. Weee! Wazee wa Katumba wakaenda kumshtakia Mzee kwamba binti yake amepiga ngoma. Akaniita. Nikajitetea kwamba pale hakuna ngozi wala mti, ni umeme tu. Akaniuliza kidole kilichobonyeza ni cha nani. Nikasema changu. Akasema basi nimepiga, na nisikanyage kwake mpaka niufute. Niliufuta huku nalia, maana bila ngoma wimbo ule haukuwa na mgongo.

Na wewe ukanipigia kuniambia nimemuaibisha baba. Iliniuma, lakini tuyaache hayo.

Wiki chache baadaye nikasikia bodaboda mlangoni. Kumbe ni Mzee mwenyewe, kavaa koti lake la kanisani, ngoma imefungwa nyuma kwa mpira. Alisema kama wimbo wangu hauwezi kuishi bila ngoma, basi itapigwa na mwanamume, na mwanamume mwenyewe ni yeye. Jamani, nilitaka kumrukia shingoni, nikaogopa.

Huo ndio wimbo uliofika mpaka kwenye simu za Karema. Ulitupigia ukicheka, ukasema mzee wetu bado chuma, anapiga kama kijana, na kwamba kwa jinsi ulivyomsikia yuko fiti, safari ya Pasaka umeisogeza mpaka mwakani, ununue kwanza injini ya boti. Mzee alicheka na yeye. Simu ilipokatika akaomba maji.

Sasa kaa chini, kaka. Baba hakuupiga wimbo ule.

Siku ile alipiga pigo la kwanza, akapiga la pili, fimbo ikamtoka mkononi. Pumzi ikamwishia, akaegemea ukuta jasho likimtiririka. Nilipomvua viatu nikakuta miguu imevimba, soksi zimeacha alama. Kumbe hospitali amekuwa akienda kimyakimya, na huko wamemwambia moyo umechoka. Nilikwenda kuwauliza mwenyewe, nao hawakunipa maneno ya kunipumbaza. Nikamwambia Mzee tuache. Akakataa, akasema nikate niunge, kwani si ndiyo kazi ninayojisifia? Basi ndivyo tulivyofanya. Kila alipopata nafuu alikuja, anapiga mara moja, anapumzika, anapiga tena. Mapigo hayo nikayashona kwenye mashine mpaka akatokea mzee mwenye nguvu ambaye hayupo. Lile la mwisho, lile zito, mkono uligoma kabisa kuinuka. Akaniamuru nimshike kiwiko nikiinue. Nikasita, nikamkumbusha mwiko. Akanijibu kwamba kiwiko si fimbo, niache ubishi. Nikakiinua, akalipiga. Sijui wale wazee wangesema nani kapiga, na wala sitawauliza.

Alinikataza nisikwambie. Alisema ukisikia anaumwa utakuja kumzika, na yeye anataka uje kumsalimia. Nimejitahidi kunyamaza, lakini kila ukipiga simu kusifia nguvu zake mimi roho inaniuma, maana uongo ule niliutengeneza mimi, na niliutengeneza vizuri mno. Mficha maradhi kifo humuumbua, Révérien. Sitaki nije kukupigia simu siku hiyo.

Njoo. Injini itanunuliwa. Njoo wakati bado anaweza kukaa kitako mwenyewe na kuuliza nani huyo anapita njiani.

Wifi mpe salamu zangu nyingi, watoto wakumbatie mmoja mmoja. Shangazi anakusalimu, na anasema ukija bila samaki, migebuka wa huko ziwani, urudi ulikotoka.

Ukifika, usiseme nilikuandikia. Usimtazame miguu. Ingia, mshike mkono, mwambie ulikuwa unapita ukaona umsalimie.

Ni mimi mdogo wako,
Spès